Programu ya Simu kwa Wapelekaji Mizigo: Ianzie Mlangoni

Nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa hazijulikani kwa nambari. Mgeni huelekezwa Kibokoni au Kuze kwa msikiti, kwa duka la pembeni, kwa mlango wa nakshi, au kwa jina la bibi aliyekwisha kufariki na nyumba ingali ikiitwa yake. Mwendeshaji aliyezaliwa mtaani hahitaji ramani, kwani kumbukumbu yake yamtosha. Yule aliyetoka Kisauni au Changamwe kutafuta riziki hana kumbukumbu hiyo, naye ndiye apigaye simu mara tatu huku biriani ikipoa.

Kwa sababu hiyo, vijana wetu wa kiume na wa kike wanaosomea kompyuta wakitujia na wazo la programu ya kuwaunganisha akina mama wapikao majumbani na waendeshaji wa bodaboda na tuktuk, twawapokea kwa furaha. Twawaomba tu waache kwanza rangi na nembo, wakae barazani na wale watakaoitumia.

Waanze na anwani. Google ilitoa mfumo wa Plus Codes, unaokipa kila kipande kidogo cha ardhi anwani fupi ya herufi na tarakimu pasi na kuhitaji jina la barabara. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo, baina ya kuta ndefu za vichochoro vyetu, simu hukosea mahali kwa mita kadhaa, na mita kumi huku ni mlango wa mtu mwingine. Programu iliyobuniwa hapa ingempa mwenye nyumba nafasi ya kuandika maelekezo yake kwa lugha ya mtaa mara moja tu, yakahifadhiwa: "pita msikiti, ingia kichochoro cha pili kushotoni, mlango wa kijani." Apendaye aweke picha ya mlango, mlango peke yake, bila watu.

Kisha kuna umbali. Kwenye ramani, kutoka kisiwani hadi Likoni ni kiasi cha nusu kilomita ya maji. Mwendeshaji aijuaye foleni ya feri atacheka. Pikipiki hulipia kuvuka, na saa za jioni kusubiri kwaweza kuwa kurefu kuliko safari yote. Programu ikihesabu nauli kwa kilomita peke yake, hasara itamwangukia maskini aliyesimama kivukoni.

Na saa je? Simu husema 7:00, nasi twasema saa moja. Agizo la futari likiandikwa kwa tarakimu tu, mmoja atasoma saa moja na mwingine saa saba. Hapa kwetu, karibu na ikweta, Magharibi haibadiliki hata kwa saa nzima mwaka mzima, basi si vigumu programu kuandika wazi "kabla ya Magharibi" na kumpa mwendeshaji muda wa kufika kwake kufuturu naye. Jambo hili husahauliwa sana: sote twataka kaimati zifike kabla ya adhana, na azileteaye pia amefunga.

Lililo zito zaidi kwetu ni sitara. Mama akiagiza au akiuza, nambari yake ya simu na mahali alalapo hubaki katika simu ya mtu asiyemjua. Wengi wa waendeshaji ni watu wa heshima, lakini si haki usalama wa nyumba utegemee bahati. Yawezekana kabisa simu ipitie nambari ya programu, pande zote mbili zisionane nambari, na maelekezo ya nyumba yafutike katika simu ya mwendeshaji mzigo ukishapokewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka akusanyaye habari za watu asichukue zaidi ya anachohitaji. Mama ana haki ya kuuliza: habari zangu mwaziweka wapi, na kwa muda gani? Mwendeshaji naye ana haki iyo hiyo. Hakuna sababu ya programu kumfuata hadi kwake baada ya kazi.

Kuhusu fedha, kanuni za serikali za mwaka 2022 kwa programu za kusafirisha abiria ziliweka ukomo wa asilimia 18 kwa kampuni. Tuseme upelekaji mmoja ni shilingi 150: asilimia 18 ni shilingi 27, zabaki 123, na humo mna petroli na pengine mkopo wa pikipiki. Ujira wote na makato yake vionekane kabla hajaikubali safari. Na chakula kikichelewa jikoni, dakika alizosimama mlangoni zihesabiwe. Sisi wapishi hatutalipenda hili, lakini ndiyo haki.

Tusisahau simu zenyewe. Wengine wana kabambe, na bando huisha katikati ya siku. Ujumbe mfupi, na menyu ya nambari kama ile iliyozoeleka katika M-Pesa, huwafikia hao pia. Wenye simu kubwa wasomewe maelekezo kwa sauti, kwa Kiswahili, wasije wakatazama kioo huku wakikata kona ya Makupa.

Hayo yote yaweza kujaribiwa kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu. Katika mwezi wa Shaabani, wapishi watatu na waendeshaji watano wapewe daftari na simu moja ya kupokea maagizo kwa wiki moja. Kila safari iandikwe: ilitoka wapi, iliahidiwa saa ngapi, mwendeshaji alipotea kichochoro gani, alisubiri dakika ngapi, na mkononi mwake zilibaki shilingi ngapi.