Nafasi na Starehe katika Minivani na Saluni: Vipimo kwa Msafiri wa Kusini mwa Maniema

Magari madogo ya abiria ya mashariki mwa Kongo, ambayo mengi yametumika Japani kwanza kabla ya kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, huwa na maumbo mawili makuu. La kwanza ni saluni, yaani gari lenye sehemu tatu zilizotengana, injini ikiwa mbele, watu katikati na buti la mizigo nyuma. La pili ni minivani, gari la kimo kirefu ambamo watu na mizigo hukaa katika chumba kimoja chenye safu tatu za viti. Kati ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, watu wengi bado husafiri kwa pikipiki, kwa baiskeli au juu ya shehena ya lori, lakini mwenyeji wa huko hukutana na magari hayo mara tu afikapo Bukavu, Uvira au Lubumbashi, na anayekusanya fedha ili alete moja nyumbani wakati wa kiangazi hana budi kuchagua. Wengi huchagua wakiamini kwamba minivani ni pana zaidi, na imani hiyo haiungwi mkono na vipimo.

Toyota Corolla ya umbo lililotoka mwaka 2000 ina upana wa milimita 1,695, na Toyota Noah ya umbo lililotoka mwaka 2001 ina upana ule ule wa milimita 1,695, bila tofauti hata ya unywele. Sababu yake ni sheria ya Japani, inayoweka daraja la magari madogo na kuliwekea mipaka ya mita 4.7 kwa urefu, mita 1.7 kwa upana na mita 2 kwa kimo, hivyo watengenezaji wanaotaka gari lao libaki katika daraja hilo hujaza upana wote ulioruhusiwa, liwe saluni au minivani. Kwa urefu pia tofauti ni ndogo, kwa kuwa Noah huizidi Corolla kwa takriban sentimita 20 tu. Palipo na tofauti ya kweli ni kwenye kimo: Corolla hiyo ina karibu sentimita 147 kutoka ardhini hadi paa, na Noah ina karibu sentimita 185.

Kimo hicho hugeuka kuwa nafasi ya miguu kwa njia ambayo si rahisi kuiona kwa jicho. Katika saluni kiti kiko chini, karibu na sakafu, na aliyekalia hulazimika kunyoosha miguu mbele, kwa hiyo mwili mmoja hula sehemu kubwa ya urefu wa gari. Katika minivani kiti kimeinuliwa, magoti hukunjika kama ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha mezani, na nyayo huteremka moja kwa moja, jambo linalowezesha safu tatu kuenea katika gari lisilozidi sana urefu wa saluni yenye safu mbili. Kiti cha kimo hicho humfaa hasa mzee mwenye maumivu ya magoti na mama mjamzito, ambao katika saluni hulazimika kuinama, kujitumbukiza ndani na baadaye kujinyanyua kwa nguvu za mikono. Kwa watu hao ubora wa minivani hauna mjadala.

Hata hivyo, starehe hiyo hutegemea idadi ya watu, na hapo ndipo hesabu ya kiwandani huachana na hesabu ya barabarani. Milango na unene wa bodi vikiondolewa, upana unaobaki ndani kwenye usawa wa mabega ni karibu mita 1.4, nao ukigawanywa kwa watu watatu kila mmoja hupata sentimita 47 hivi, kiasi kinachotosha mabega ya mtu mzima kwa shida kidogo. Ukigawanywa kwa wanne, kama ilivyo desturi ya taksi nyingi za mashariki mwa Kongo zinazoweka wawili mbele pamoja na dereva na wanne nyuma, kila mmoja hubakiwa na sentimita 35, na lazima mmoja asogee mbele huku mwingine akiegemea nyuma ili mabega yapishane. Minivani yenye wanne katika kila safu haina nafuu yoyote juu ya saluni yenye wanne, kwa kuwa kimo cha paa hakimsaidii aliyebanwa mbavu. Safu ya tatu ina hali mbaya zaidi, kwa sababu matao ya magurudumu ya nyuma huingia ndani na kupunguza upana wake.

Mtikisiko nao haugawanywi sawasawa. Gurudumu la nyuma likitumbukia shimoni, aliyekaa juu yake hurushwa karibu kwa kiasi kile kile cha gurudumu, ilhali aliyekaa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hupata takriban nusu, na ndiyo maana safu ya kati ya minivani ndiyo bora kuliko kiti chochote cha nyuma katika magari haya mawili, na safu ya tatu ndiyo mbaya kuliko vyote. Kwa upande mwingine, gari refu kwa kimo huyumba zaidi katika makorongo na kona, na kuyumba huko, zaidi ya kurushwa, ndiko kunakoleta kichefuchefu. Inafaa pia kufahamu kwamba kimo cha paa si kimo cha tumbo la gari: Corolla na Noah zote huacha karibu sentimita 15 tu kati ya chuma cha chini na ardhi, na minivani iliyopakia watu wanane pamoja na magunia ya mchele hushuka zaidi, springi zikalala, na kila tuta likagonga.

Kuhusu mizigo, saluni inastahili heshima kuliko inayopewa. Buti lake limetengwa na chumba cha watu, kwa hiyo madumu ya mawese na samaki wa kukaushwa husafiri bila harufu yake kuwafikia abiria, ilhali katika minivani vyote hukaa pamoja, na safu ya tatu ikiwa imekunjuliwa nafasi inayobaki nyuma yake ni ya mikoba michache tu. Isitoshe, nyuma ya gari lenye mgongo wima hewa huzunguka na kurudi, ikivuta vumbi la barabara hadi kwenye mlango wa nyuma, na mipira ya mlango huo ikiwa imechakaa, vumbi jekundu la kiangazi huingia na kuwaangukia waliokaa safu ya mwisho. Minivani nyingi za zamani, kama TownAce Noah iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, zina tatizo jingine, kwani injini zake zimewekwa chini ya viti vya mbele, na joto la injini humfikia dereva na aliye kando yake. Mlango wa kuteleza wa TownAce Noah nao uko upande wa kushoto tu, kwa kuwa Japani magari hupita kushoto na abiria hushukia ukingoni; Kongo magari hupita kulia, na abiria wa gari hilo hilo, pamoja na watoto, hushukia katikati ya barabara.