Istilahi za Hisabati: Kutoka Bao Hadi Simu

Wanafunzi wengi huliogopa somo la hisabati. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya hofu hiyo hutokana na maneno, wala si hesabu peke yake.

Tuchukue mfano wa Mikese, mashariki ya mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Mtoto atumwaye gengeni hununua nyanya kwa fungu. Akiambiwa darasani kuwa kuzidisha ni kujumlisha mafungu yaliyo sawa, hukutana na neno alilokwisha kulizoea. Lakini fungu la gengeni halina idadi maalumu. Kwa hiyo mwalimu hana budi kuyatilia mkazo maneno “yaliyo sawa”. Hapo ndipo neno la kawaida ligeukapo istilahi.

Bao nalo lina mashimo 32, yaani 16 kwa kila mchezaji. Mwenye kete 20 akizitia mojamoja upande wake, hukamilisha mzunguko mmoja na kubakiwa na kete 4. Hiyo ndiyo maana ya baki katika kugawanya.

Simu imeongeza mifano. Alama ya chaji ikisoma asilimia 25, mtoto hujua kuwa imebaki robo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, neno makato limeingia katika mazungumzo ya kila siku. Mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids zilianza kufundisha hisabati kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili, na watazamaji waliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 navyo viligawiwa walimu.

Walakini, vifaa hivi havitaondoa hofu iwapo programu zake zitasema “praimu” mahali pa namba tasa. Tasa ni asiyezaa. Na namba hiyo haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Neno lenyewe ni nusu ya somo. Mwanafunzi aingiaye sekondari, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, asipokuwa na dhana imara hulazimika kujifunza dhana na lugha kwa pamoja.

Kwa hiyo tunawasihi watayarishaji wa programu watumie istilahi sanifu zilizokwisha kuzoeleka shuleni, na walimu watuletee maneno ya genge, shamba na mchezo yanayofaa kusanifiwa.