Eriksson: Kocha aliyepewa maua yake angali hai

Machozi yalimlengalenga Sven-Göran Eriksson kabla hata kipyenga hakijapulizwa. Ilikuwa Jumamosi, 23 Machi 2024, katika Uwanja wa Anfield jijini Liverpool, Uingereza. Mzee huyo wa miaka 76, raia wa Sweden, alitokea kwenye njia ya wachezaji, na watu karibu 60,000 wakasimama kumpigia makofi. Kisha wakainua skafu zao nyekundu juu na kuimba wimbo ambao klabu hiyo huimba siku za furaha na siku za msiba.

Eriksson hakuwahi kuifundisha Liverpool hata siku moja. Lakini kila aliyekuwa uwanjani siku ile alijua kwamba kocha huyo anaugua saratani ya kongosho, na kwamba madaktari walikuwa wamemweleza kuwa haitapona. Mashabiki walikuwa wanamuaga, naye alikuwa amesimama mbele yao, anawaona na kuwasikia.

Hilo ndilo jambo ambalo familia nyingi zinashindwa kulifanya. Mgonjwa hulala ndani miezi sita, wanaomtembelea wakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku akifumba macho, turubai linafungwa, mabasi yanakodiwa, michango inamiminika, na watu ambao hawakupiga simu mwaka mzima wanagombea kipaza sauti kueleza jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa watu. Maneno ni mazuri, ila mwenyewe hayasikii.

Vijana wa siku hizi wana msemo wao: mtu apewe maua yake angali hai. Mwaka wa mwisho wa Eriksson unaonyesha maana ya msemo huo.

Mtoto wa kondakta

Eriksson alizaliwa 5 Februari 1948 na kukulia Torsby, mji mdogo katika jimbo la Värmland, magharibi mwa Sweden. Baba yake, ambaye naye aliitwa Sven, alikuwa kijana akifanya kazi ya ukondakta wa basi. Mama yake, Ulla, alifanya kazi katika duka la nguo. Haikuwa familia ya kitajiri.

Kama mchezaji, alikuwa beki wa kawaida tu ambaye hakufika mbali. Nyota yake ilikuwa kwenye ukocha. Mwaka 1982 aliiongoza IFK Göteborg kutwaa Kombe la UEFA kwa kuifunga Hamburg ya Ujerumani, jambo ambalo hakuna klabu ya Sweden iliyokuwa imelifanya. Akaenda Benfica ya Ureno na kuchukua ubingwa, kisha Italia, ambako alipita Roma, Fiorentina na Sampdoria. Mwaka 2000 aliipa Lazio ubingwa wa Italia ambao klabu hiyo ilikuwa imeusubiri tangu 1974.

Mwaka 2001 akawa mgeni wa kwanza kuifundisha timu ya taifa ya Uingereza. Mashabiki wa Afrika nao wanamkumbuka kwenye Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini, alipokaa kwenye benchi la Ivory Coast ya kina Didier Drogba. Walipangwa kundi moja na Brazil na Ureno, wakapata pointi nne, na hazikutosha kuwavusha.

Aliusema ugonjwa wake mwenyewe

Februari 2023, Eriksson alitangaza kupumzika kazi kwa sababu za kiafya. Hakusema zaidi. Miezi ikapita, na watu wakaanza kunong'ona.

Januari 2024 alikwenda kwenye redio ya taifa lake akasema yote. Alieleza kwamba alidhani yu mzima kabisa, kisha siku moja akaanguka baada ya kukimbia kilomita tano. Hospitalini aligundulika kuwa amepata kiharusi, na vipimo zaidi vikaonyesha saratani. Alisema huenda amebakiwa na mwaka mmoja hivi mambo yakienda vizuri, pengine pungufu ya hapo.

Saratani ya kongosho ina tabia ya kujificha. Kiungo chenyewe kiko ndani sana, nyuma ya tumbo la chakula, na dalili zake, kama maumivu ya tumbo yanayoelekea mgongoni, kupungua uzito bila sababu au macho kuwa ya manjano, mara nyingi hujitokeza ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Ndiyo maana wengi huambiwa habari zao kwa kuchelewa, kama alivyoambiwa yeye.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Si kila mgonjwa analazimika kwenda redioni, na wapo wanaotaka mambo yao yabaki chumbani. Huo ni uamuzi wa mgonjwa, na unastahili heshima. Lakini katika familia nyingi anayeficha si mgonjwa. Ni ndugu, wanaoongea na daktari kwenye korido kisha wanarudi kitandani wakitabasamu na kusema "utapona tu". Mgonjwa anaujua mwili wake, lakini hapati mtu wa kuzungumza naye ukweli. Anaondoka bila kuaga, nao wanabaki bila kuagwa.

Eriksson aliposema, milango ilifunguka.

Ndoto ya baba na mwana

Katika mahojiano yaliyofuata, kocha huyo alitaja jambo ambalo hakuwa amelipata maishani: kukaa kwenye benchi la Liverpool. Baba yake alikuwa shabiki wa klabu hiyo kwa miaka mingi, na mapenzi hayo mwana akayarithi tangu utotoni. Alikuwa amefundisha Roma, Lisbon, Manchester na hata China, lakini timu ya moyo wake na ya baba yake haikuwahi kumwita.

Mashabiki wakaanza kuomba apewe nafasi hiyo. Jürgen Klopp, aliyekuwa kocha wa Liverpool wakati huo, akasema kwa moyo mkunjufu kwamba Eriksson anakaribishwa klabuni kukaa kwenye kiti chake ofisini kwa siku nzima. Haikuishia hapo. Klabu ilikuwa na mchezo wa hisani wa magwiji wake dhidi ya magwiji wa Ajax ya Uholanzi, na Eriksson akaombwa kuongoza benchi pamoja na Ian Rush, John Barnes na John Aldridge.

Timu yake ilitanguliwa kwa mabao mawili, kisha ikazinduka na kushinda 4-2. Mechi yenyewe haikuwa na pointi wala kombe. Lakini kwa mtu aliyekuwa anahesabu miezi, alasiri ile ilikuwa zawadi ambayo hakuna rambirambi ingeweza kuifikia.

Wengine nao hawakubaki nyuma. Aprili mwaka huo Benfica walimkaribisha Lisbon. Mashabiki wa Göteborg wakamwimbia nyumbani Sweden. Mei akawa Genoa kwa watu wa Sampdoria, kisha Roma, ambako Lazio walimpokea kama mzee wa ukoo aliyerudi baada ya safari ndefu. Na David Beckham, aliyekuwa nahodha wake Uingereza, alisafiri hadi nyumbani kwake Sweden kumjulia hali.

Waliomlaumu nao walisimama

Isidhaniwe kwamba Eriksson alikuwa malaika, au kwamba siku zote alipendwa. Uingereza walimpandisha juu Septemba 2001 timu yake ilipoichapa Ujerumani 5-1 mjini Munich. Baada ya hapo wakamlaumu kweli kweli. Alikuwa na kizazi cha wachezaji kilichoitwa cha dhahabu, lakini alitolewa robo fainali mara tatu: na Brazil kwenye Kombe la Dunia 2002, kisha na Ureno kwa mikwaju ya penalti katika Euro 2004 na Kombe la Dunia 2006. Mshahara wake ulisemwa. Uhusiano wake na wanawake ulianikwa magazetini kama nguo kwenye kamba, na mengine aliyataka mwenyewe.

Alipougua, watu hawakufuta historia hiyo. Waliiweka mahali pake na kukumbuka mengine: kwamba hakuwa mtu wa kupaza sauti, kwamba wachezaji wake walimwona kama mzazi, na kwamba aliposhindwa hakuwatupia lawama vijana wake mbele ya kamera.

Kwenye familia, kikwazo kikubwa cha kumshukuru mzee mara nyingi ni hesabu za zamani. Baba aliyekuwa mkali, mama aliyempendelea mdogo, kaka aliyeuza shamba la urithi. Mtu hujiambia atakwenda siku hasira ikiisha. Maradhi nayo hayasubiri hasira ya mtu. Kwenda kumwona mgonjwa hakumaanishi kwamba kosa lilikuwa halali. Kunamaanisha tu kwamba yapo mengine pia yaliyotokea, na kwamba muda wa kuyasema bado upo.

Mazishi yasiyo na deni

Agosti 2024 ilitoka filamu kuhusu maisha yake. Mwishoni mwake, akiwa ameketi kwenye mandhari ya nyumbani kwao, Eriksson aliwashukuru makocha, wachezaji na mashabiki, akawaomba wasisikitike bali watabasamu, na akawasihi watu wayatunze maisha yao na kuyaishi. Siku chache baadaye, tarehe 26 mwezi huohuo, alifariki dunia nyumbani kwake, akiwa na miaka 76.

Alizikwa na watu wake. Ibada ilifanyika 13 Septemba katika kanisa la Fryksände, mjini Torsby, mji uleule alikojifunza kupiga mpira. Beckham alikuwepo, na Roy Hodgson, kocha mwingine aliyewahi kuiongoza Uingereza, naye alikuwepo. Wakazi walifuatilia nje ya kanisa kupitia skrini kubwa.

Na mbele alikuwepo baba yake, Mzee Sven, mwenye umri wa miaka 95, aliyemzaa akiwa kijana mdogo na sasa akimsindikiza. Hakuna maneno yanayomfaa mzazi anayemzika mwanawe, hata mwana huyo awe na mvi. Lakini mzee huyo alikuwa ameishi kuiona Liverpool yake, klabu aliyoipenda maisha yake yote, ikimsimamia mtoto wake kwa heshima. Kilio chake kilikuwa na kitu cha kukishika.

Mashabiki waliolia siku ile, kuanzia Göteborg hadi Roma, hawakuwa na deni. Walichotaka kusema walikuwa wameshakisema, na mwenyewe alikuwa amekisikia.

Si lazima kuwa na uwanja wa watu 60,000. Kwa shangazi aliyelipa ada, inatosha mjukuu akae pembeni ya kitanda na kumkumbusha mwaka ule na kiasi kile. Kwa mwalimu aliyestaafu, wanafunzi wake wa zamani watatu wenye kilo mbili za sukari na hadithi za darasani wanatosha. Kwa baba asiyezoea kuambiwa maneno matamu, inatosha redio iwashwe wakati wa mechi ya timu yake, na mtoto akae naye hadi dakika ya tisini.

Wema hauozi, walisema wazee. Lakini aliyeutenda naye anapenda kujua kwamba watu waliuona.