Matabaka ya Bushveld Yaliinama Lini? Ushahidi wa Sumaku

Kaskazini ya Pretoria, katika Afrika ya Kusini, upo mwamba mkubwa uitwao Bushveld. Eneo lake ni kadiri ya kilomita za mraba 65,000. Asili yake ni uji wa moto uliopenya katika ganda la dunia yapata miaka milioni 2,055 iliyopita, ukapoa polepole chini ya ardhi na kufanya matabaka ya gabro na miamba jamaa yake, unene wa kilomita 7 hadi 9.

Atembeaye upande wa mashariki huona matabaka hayo yameinamia magharibi. Upande wa magharibi yameinamia mashariki, kana kwamba yote yanateremka katika bakuli moja. Je, yalifanyika yakiwa yameinama, au yalikuwa bapa yakainama baadaye? Swali hili lina thamani ya fedha pia, kwa kuwa tabaka jembamba la Merensky, lililogunduliwa mwaka 1924, limebeba platini, na mchimbaji hutaka kujua linaelekea wapi lizamapo.

Jibu limo katika chembe za magnetaiti zilizomo ndani ya gabro. Zikiwa na joto lipitalo nyuzi 580 za sentigredi, chembe hizo haziwezi kushika usumaku wa kudumu. Zikipoa chini ya hapo, hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa wakati ule. Wanafunzi wengi hudhani kwamba chembe hugeuka kama sindano ya dira. Sivyo, mwamba umekwisha kuwa mgumu zamani. Kinachoelekea upande huo ni usumaku uliomo ndani ya chembe.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo lifuatalo darasani. Achukue karatasi ngumu, achomeke njiti za kiberiti zikiwa zimesimama wima, kisha aikunje karatasi iwe kama bonde. Njiti zitainamiana. Akiinyoosha, zitakuwa sambamba tena. Sasa achomeke njiti nyingine wima wakati karatasi imekwisha kukunjwa, halafu ainyooshe: hizo zitatawanyika. Kwa hiyo, ikiwa mielekeo ya usumaku inapatana baada ya matabaka kulazwa bapa kwa hesabu, usumaku ulitangulia na kuinama kulifuata. Mmarekani John Graham alilieleza jaribio hili mwaka 1949.

Kazi ya porini haikuwa nyepesi. Gabro yenye sumaku hupotosha dira, hivyo mwelekeo wa kila kipande hupimwa vizuri zaidi kwa kivuli cha jua. Tena radi, ambazo ni nyingi katika nyanda zile, hufuta usumaku wa kale penye miamba iliyo wazi na kuweka wake.

Mwaka 1959 D. I. Gough na C. B. van Niekerk walichapisha vipimo vya gabro ya Bushveld. Kama ilivyokaa mahali pake, mielekeo ilihitilafiana. Matabaka yalipolazwa kwa hesabu, ikakaribiana. Basi matabaka yalikuwa bapa, au karibu na bapa, yalipopoa kupita nyuzi 580, na gabro hugandama katika joto kubwa mno kuliko hilo. Kilichoinama kilikuwa jiwe gumu, wala si uji uliogandia mtelemkoni.

Sumaku haisemi ni nguvu gani iliyoinamisha. Maelezo yaelekeayo kuwa kweli ni uzito: sentimita moja ya ujazo ya gabro ina gramu 3 hivi, ya graniti 2.7. Ganda la dunia lililemewa na mzigo huo, likabonyea katikati.

Hapo katikati matabaka yamefunikwa na graniti na miamba mingine. Lakini huko limetokeza bomba la kimbalaiti, mwamba wa jamii ile ile yenye almasi ya Mwadui, lililopanda kutoka chini sana likizoa vipande vya miamba njiani. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba baadhi ya vipande hivyo ni miamba ya Bushveld yenyewe.