Likasi: Nyama ya ngombe ya kupika polepole, chagua shingo ao bega

Kamatanda, mjini Likasi, jimboni Haut-Katanga, mama anayenunua nyama ya ngombe anahesabu pesa mara mbili: ya nyama na ya makala. Akikosea kipande, zote zinapotea.

Nyama laini ya mgongo, ambayo bei yake iko juu, haifai kukaa motoni masaa matatu: inakauka. Kinachofaa ni shingo, bega ao mguu, sehemu zinazofanya kazi sana. Zina nyuzi nyeupe ngumu ambazo, kupita digrii 70 hivi, zinayeyuka polepole na kufanya mchuzi kuwa mzito.

Kaanga kipande kizima, ongeza vitunguu na maji kidogo, funika nyungu, kisha punguza makala kwenye mbabula. Mchuzi wake utatosha bukari ya nyumba nzima.