Kubadili Jibu kwa Swali Lile Lile

Madhumuni ya makala hii ni kueleza tatizo ambalo kila mwalimu hana budi kulipima: swali likibaki vile vile, je, jibu lake laweza kubadilishwa bila kuwapotosha waliokwisha kulizoea?

Tuchukue 7 ÷ 2. Mtoto wa darasa la chini huko Tumati, wilayani Mbulu, hujibu "3 baki 1". Baadaye hufundishwa kujibu 3.5. Yote mawili ni sahihi. Mbuzi 7 wakigawiwa ndugu wawili, jibu la kwanza ndilo lifaalo. Zikiwa kilo 7 za mahindi, la pili.

Watengenezaji wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, walikabiliwa na jambo hilo hilo. Hapo awali 7/2 ilileta 3, na nusu ikatupwa. Walipoamua ilete 3.5, hawakubadili kwa ghafla. Mwaka 2001 waliongeza alama ya // kwa wenye kuhitaji jibu la zamani, na jibu jipya likawa la hiari. Toleo la 3.0 la mwaka 2008 ndilo lililoifanya 3.5 kuwa jibu la kawaida; toleo la zamani liliendelea kuhudumiwa hadi mwanzo wa 2020.

Tahadhari hiyo ni ya nini? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 nchini Tanzania yalitolewa kwa wastani wa alama, yaani GPA, badala ya madaraja. Katika madaraja, namba ndogo ndiyo bora: jumla ya 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza. Katika GPA, namba kubwa ndiyo bora, na ya juu kabisa ilikuwa 5. Tumfikirie karani ambaye kompyuta yake imeagizwa kwamba "17 au pungufu ni Daraja la Kwanza". Akiingiza GPA, wote watapata Daraja la Kwanza, hata aliyeshindwa, wala kompyuta haitalalamika. Kosa linalosimamisha kazi huonekana mara moja. Lisiloisimamisha huwadhuru watu kimya kimya. Madaraja yalirejeshwa kuanzia matokeo ya mwaka 2015.

Hatusemi kwamba jibu la zamani lisiguswe kamwe. Tunasema lipimwe kwanza:

1. Je, jibu la zamani ni kosa, au ni tofauti tu?
2. Ni akina nani wanaolitegemea, nao watapataje habari?
3. Je, jibu jipya laweza kupewa jina lake, la zamani likabaki na lake?
4. Mtu asiyejua mabadiliko akikosea, kosa litaonekana?

Darasani, basi, mwalimu asifute "baki 1" siku anapofundisha desimali. Aandike majibu yote mawili ubaoni, kila moja na jina lake, kisha awaulize wanafunzi lipi la mbuzi na lipi la mahindi. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba jibu la jana halifai ataanza kulitilia shaka na la leo.