Kahawa ina msimu, ugonjwa hauna: Nani alipie tiba ya mkulima?

KATIKA wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, fedha huingia nyumbani kwa msimu. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, huanikwa, hupelekwa chama cha msingi, kisha mkulima husubiri malipo. Maharage huleta kidogo baada ya mavuno, na mkungu wa ndizi huuzwa pale shida ndogo inapobisha hodi. Miezi mingine mali iko shambani, lakini mfukoni hakuna kitu.

Ugonjwa haufuati kalenda hiyo. Malaria humpata mtoto mwezi Februari, mama hushikwa na uchungu usiku wa Machi, kijana hupata ajali ya bodaboda wakati mibuni ndiyo kwanza imetoa maua. Ndipo mkuu wa kaya anapokwenda kwa mwenye fedha kijijini na kumuuzia kahawa ambayo haijaiva. Biashara hiyo ndiyo inayoitwa butura. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini haijafa, kwa sababu shida inayoizaa haijafa.

Kwa hiyo, mjadala wa gharama za bima ya afya kwa wote, ambao umechukua nafasi kubwa bungeni na magazetini tangu 2022, si mjadala wa wataalamu wa Dodoma peke yao. Kwa mkulima wa kahawa ni mjadala kuhusu bei ya kahawa yake.

Hesabu ya butura

Chukua mfano wa kaya ya watu sita. Tuseme kilo moja ya kahawa ya maganda itauzwa Sh 3,000 msimu ukifika, na mnunuzi wa butura anatoa Sh 1,500. Mmoja wa wanakaya analazwa, anafanyiwa upasuaji, na gharama zote pamoja na nauli zinafika Sh 150,000.

Kwa bei ya butura, kaya hiyo italazimika kutoa kilo 100. Kwa bei ya msimu, deni hilohilo lingelipwa kwa kilo 50. Kilo 50 zilizozidi, zenye thamani ya Sh 150,000, hazikwenda kwa daktari wala kwenye dawa. Zimekwenda kwa aliyekopesha. Familia imelipia ugonjwa mara mbili: mara moja hospitalini na mara moja shambani.

Mfanyabiashara mdogo wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo naye ana butura yake, ila haiitwi hivyo. Yeye hula mtaji. Fedha ya kununulia mzigo wa sukari na sabuni hulipa kitanda cha wodini, na akirudi dukani rafu ziko tupu, wateja wamehamia kwa jirani.

Kutoka bure hadi papo kwa papo

Wazee wanakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure kwa mwananchi. Mwaka 1977 hata hospitali za watu binafsi za kibiashara zilizuiwa kwa sheria. Zile za mashirika ya dini ziliendelea, na Karagwe inalijua hilo vizuri, kwa kuwa hospitali ya Kanisa la Kilutheri iliyopo Nyakahanga ndiyo iliyobeba mzigo wa hospitali teule ya wilaya kwa miaka mingi.

Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, neno "bure" lilibaki ukutani huku dawa zikikosekana kabatini. Mwaka 1993 serikali ilianza kuwataka wananchi wachangie gharama, kwanza katika hospitali kubwa, kisha zile za wilaya. Msamaha uliwekwa kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo. Wengine walianza kulipa papo kwa papo.

Ili kupunguza makali hayo, Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa 2001. Kaya ililipa mchango mdogo mara moja kwa mwaka, na serikali iliongeza kiasi kilekile kwa mpango uliojulikana kama tele kwa tele. Mwaka huohuo wa 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi kwa watumishi wa umma. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3.

Hapo ndipo tofauti ya msingi ilipo. Mwalimu wa Kayanga ana mwajiri wa kumlipia nusu, na makato yake hutoka kila mwezi hata kabla hajaiona fedha. Mkulima hana mwajiri wala mshahara. Tele kwa tele ilikusudiwa kuwa ile nusu ya mwajiri. Lakini fedha hizo hazikuja zenyewe. Halmashauri ilipaswa kuziomba kwa kuonyesha idadi ya wanachama waliolipa, na palipokuwa na wanachama wachache, nyongeza nayo ilikuwa ndogo.

CHF ya zamani ilikuwa na kasoro nyingine. Kadi ilitumika zaidi katika kituo ambacho mwanachama alijiandikisha. Mgonjwa akipewa rufaa, kadi ilibaki kipande cha karatasi. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, ilijaribu kurekebisha hilo kwa mchango wa Sh 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na huduma kupanda hadi hospitali ya mkoa. Hiyo ni Sh 5,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima. Ni bei ambayo wengi wangeimudu, lakini pia ni fedha ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya upasuaji mmoja au matibabu ya kisukari ya mwaka mmoja.

Hoja mbili, mfuko mmoja

Wanaotaka serikali ibebe gharama yote wana hoja nzito. Mkulima tayari analipa. Kahawa yake hukatwa ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao tangu 2017 haupaswi kuzidi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kuna kodi ndani ya bei ya sabuni, mafuta na saruji anayonunua. Aidha, mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Abuja kwamba kila nchi itenge asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya, na kwa miaka mingi Tanzania imebaki chini ya kiwango hicho. Kwa nini basi mkulima aombwe mchango mwingine?

Wanaopinga wanajibu kwamba wenye ajira rasmi inayokatwa kodi kila mwezi ni wachache kuliko waliojiajiri, na kwamba huduma isiyo na fedha nyuma yake huishia kuwa cheti cha daktari kisicho na dawa. Wanaongeza hoja ya bima yenyewe: ikiachwa kuwa hiari, wanaojiunga kwanza ni wagonjwa. Mfano wanaoutoa ni Toto Afya Kadi, iliyoanza 2016 kwa Sh 50,400 kwa mtoto. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwa maelezo kwamba wengi waliojiunga walikuwa tayari wanaumwa, na michango haikutosha kulipia matibabu yao.

Hoja zote mbili zina ukweli, na zote zinakutana mahali pamoja. Tiba ya bure haipo. Kuna tiba iliyolipwa na kodi, iliyolipwa na mchango, na iliyolipwa na mgonjwa mwenyewe kitandani. Hii ya tatu ndiyo ghali kuliko zote kwa mkulima, kwa sababu ndiyo inayompeleka kwenye butura.

Majirani wa mpakani

Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na nchi hizo mbili zilichagua njia tofauti. Uganda ilifuta malipo katika vituo vya serikali mwezi Machi 2001. Wagonjwa waliongezeka, hasa maskini ambao awali walikaa nyumbani. Lakini dawa zilipokwisha vituoni, watu walirudi kununua katika maduka ya dawa kwa fedha zao. Malipo yaliyoondolewa mlangoni yaliwangoja barabarani.

Rwanda ilichagua bima ya jamii, iliyoanza kwa majaribio 1999. Mwaka 2011 ilipanga michango kwa kufuata hali ya kaya: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 za Rwanda kwa mtu kwa mwaka, huku wale maskini kabisa wakilipiwa. Sehemu kubwa ya wananchi ilijiunga. Lakini hata huko michango pekee haikutosha. Serikali na wafadhili waliendelea kujazia.

Funzo kwa mtu wa Murongo anayeziona pande zote ni hili: kufuta malipo bila kujaza kabati la dawa hakutoshi, na kukusanya michango bila serikali kuweka fedha yake hakutoshi pia.

Sheria ya 2023

Tanzania ilipoleta muswada wa bima ya afya kwa wote mwaka 2022, viwango vilivyotajwa vilikuwa Sh 340,000 kwa kaya ya watu sita na Sh 84,000 kwa mtu mmoja. Kelele zilikuwa kubwa. Kwa bei ya mfano wetu wa Sh 3,000, kaya ingehitaji kutenga zaidi ya kilo 113 za kahawa kila mwaka, awepo mgonjwa au asiwepo. Wafanyabiashara nao walishtushwa na pendekezo la kuufungamanisha uanachama na huduma nyingine kama leseni. Muswada uliahirishwa na kurekebishwa.

Bunge lilipitisha sheria mwezi Novemba 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaitia saini mwaka huohuo. Jambo kubwa ndani yake ni mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, ambao vyanzo vyake ni pamoja na sehemu ya kodi za vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kiwango kilichotangazwa baadaye kwa kaya ya watu wasiozidi sita ni Sh 150,000 kwa mwaka, yaani Sh 25,000 kwa kichwa.

Ukirudi kwenye hesabu ya butura, Sh 150,000 ni zile kilo 50 ambazo familia yetu ya mfano ilimwachia mkopeshaji bure. Kwa kaya iliyokwisha kuuguza, bei hiyo si kubwa. Kwa kaya yenye mibuni michache na nusu eka ya migomba, bado ni mlima. Ndiyo maana swali la nani ataandikwa kuwa hana uwezo ni zito kuliko kiwango chenyewe. Orodha hiyo ikipangwa kwa kujuana, mjane ataachwa na mwenye gari atalipiwa.

Makato wakati wa kahawa

Lipo jambo moja linaloweza kufanyika bila kusubiri bajeti mpya: kukusanya mchango wakati fedha ipo. Kumtaka mkulima wa Karagwe alipe mwezi Februari ni kumsukuma auze butura ili anunue bima dhidi ya butura. Mkulima huyohuyo akilipwa kahawa yake kupitia chama cha msingi, mchango wa mwaka unaweza kutoka siku hiyo, kwa ridhaa yake na kwa risiti. Njia ipo, kwa kuwa kahawa ya wilaya hizi hupita katika vyama vya msingi na kwenye chama kikuu cha KDCU.

Wakulima wana sababu ya kuogopa neno makato. Wameyaona mengi, na mengine hayakurudi kama huduma. Kwa hiyo, makato ya bima hayafai kuingizwa kimyakimya. Yajadiliwe katika mkutano mkuu wa chama na wa kijiji, na maswali yajibiwe kabla ya kilo ya kwanza kupimwa. Kadi itaanza kutumika lini? Itapokelewa Nyakahanga na katika hospitali nyingine za mashirika ya dini, au ni kwa serikali tu? Mgonjwa akipelekwa Bukoba, au Bugando jijini Mwanza, itafika naye? Dawa zikikosekana dirishani, nani atalipa duka la dawa?

Swali la mwisho ndilo litakaloamua mengine yote. Mkulima aliyelipa Sh 150,000 kisha akaambiwa akanunue dawa nje hatalipa tena mwaka unaofuata, na atawaambia majirani. Aliyetibiwa na kurudi nyumbani huku kahawa yake ikiwa bado juu ya mti, mali yake mwenyewe, hatahitaji kuhubiriwa. Msimu ukifika ataipima kwa bei ya msimu, na katika fedha hizo hataona taabu kulipia kadi ya mwaka mwingine.